Nani Aliyepotea? Habari za Livingstone Baina ya Nyasa na Ujiji, 1866–1871

Katika mwezi wa Desemba, mwaka 1866, kundi la watu wa Nzwani, wakiongozwa na mtu jina lake Musa, liliingia Unguja na kumpasha balozi wa Kiingereza habari kwamba Daktari David Livingstone ameuawa. Masimulizi ya Musa yalikuwa kamili kiasi cha kumtosha kadhi. Alisema kwamba ng'ambo ya magharibi ya ziwa Nyasa msafara ulishambuliwa na Mazitu, yaani Wangoni kama wanavyojulikana leo. Kwamba Livingstone alipiga bunduki akamwangusha adui wa kwanza. Kwamba kabla hajawahi kushindilia tena alipigwa shoka shingoni kutoka nyuma, akafa papo hapo. Yeye Musa alijificha nyuma ya mti, na adui walipokwenda zao alirudi pamoja na wenzake wakamchimbia bwana wao kaburi la haraka.

Daktari John Kirk, aliyewahi kusafiri na Livingstone katika Zambezi na ambaye wakati huo alikuwa tabibu wa ubalozi wa Unguja, alimhoji Musa kwa makini, na mwanzoni alisadiki. Habari zilifika London mwezi wa Machi, 1867, na magazeti yakaanza kuandika tanzia. Sir Roderick Murchison, rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia, peke yake na wachache waliomfuata, alikataa kabisa kusadiki. Hakuwa na ushahidi wowote wa kumpinga Musa. Alikuwa na shaka tu, na shaka ya mzee mwenye cheo mara nyingi hugharimiwa fedha ambazo shaka ya mtu maskini haipati.

Hapo ndipo ulipoanza uchunguzi ambao wastahili kuangaliwa kwa makini kuliko kule kukutana kwa Ujiji ambako kila mtoto wa shule amekusikia. Hapakuwa na mpelelezi katika kazi hii, wala askari wa polisi, wala hakimu. Mtu aliyetumwa, Edward Daniel Young, alikuwa mzinga wa manowari, fundi wa mizinga na mashua, aliyepata kuwa pamoja na Livingstone katika mto Zambezi na Shire miaka michache nyuma. Mmoja wa wenzake, Henry Faulkner, alikuwa askari mstaafu aliyejigharimia mwenyewe na ambaye, kwa kusema kweli, alivutwa na tembo zaidi kuliko na Livingstone. Wengine wawili walikuwa fundi na baharia. Walichukua mashua ya chuma iliyotengenezwa vipande vipande, wakaipandisha mto Shire, na kwenye maporomoko wakaifungua, Wamakololo na watu wao wakaibeba vichwani, kisha ikaungwa tena upande wa juu na kuelea hadi ziwani.

Young alikuwa na faida moja ambayo Kirk hakuwa nayo pale barazani Unguja: alikuwa akimfahamu Musa tangu zamani, tena hakumfahamu kwa wema. Lakini sifa mbaya ya shahidi si ushahidi. Mwongo huweza kusema kweli siku moja, na kama Young angetosheka na kusema kwamba Musa ni mwongo, London isingalipata zaidi ya maneno ya mtu mmoja kupinga maneno ya mtu mwingine. Aliyoyafanya ni kuacha kuuliza kama Livingstone amekufa, akauliza alipita wapi. Swali la kwanza mwenyeji huweza kulijibu kwa adabu, akamridhisha mgeni kwa jibu analolitamani au analoliogopa. La pili halina jibu la adabu. Mtu alimwona Mzungu akipita, au hakumwona.

Kando ya Nyasa alikuta watu waliomwona. Waliueleza msafara wenyewe, mavazi ya yule Mzungu, watu aliokuwa nao, na vitu vidogo vya Ulaya alivyowaachia kwa kununua chakula, na baadhi ya vitu hivyo wakavitoa. Alisikia kwamba Livingstone alitaka kuvuka ziwa kwa chombo akakosa, akazunguka kusini kwa miguu na kuvuka mto Shire unapotoka ziwani, kwa Mponda. Kutoka hapo akazifuata nyayo mpaka kwa mfalme Marenga, ambako njia ya msafara na hadithi ya Musa zilikutana.

Marenga alieleza kwamba Livingstone alipita kwake salama akaendelea mbele, na kwamba watu wake mwenyewe walimchukulia mizigo siku kadhaa zaidi wakarudi wazima. Ama wale watu wa Nzwani, walirejea kwa Marenga siku chache baada ya bwana wao kuondoka, wakisema kwamba mapatano yao yamekwisha. Kifo cha Mzungu katika nchi ile kingalisikika kila mahali, na watu wa Marenga hawakusikia kitu. Basi Musa na wenzake hawakukimbia mauaji. Walikimbia hofu ya mauaji, baada ya kuambiwa njiani kwamba Mazitu wako mbele. Na kwa nini waseme amekufa? Hapa akili ya kawaida yatosha: mtumishi aliyemtoroka bwana wake hana mshahara wa kudai, bali mtumishi ambaye bwana wake ameuawa mbele ya macho yake anao. Livingstone mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha siku kwamba walimwacha tarehe 26 Septemba, 1866.

Young alirejea Uingereza mwanzoni mwa mwaka 1868 bila kumwona Livingstone hata kwa mbali, na kazi yake ilikuwa imekamilika. Mwaka huo huo barua za Livingstone mwenyewe zilizoandikwa baada ya siku ya kifo chake zilipofika pwani, zilithibitisha tu jambo ambalo lilikwisha thibitishwa na watu wa ziwani. Mashua ya Young haikwenda mbali kuliko wasafiri wengine wa zama zile, lakini ni vigumu kutaja safari nyingine ya Kizungu ya karne ile iliyotegemea kiasi hicho neno la wenyeji, na kulipima neno hilo kwa haki.

Lakini kuthibitisha kwamba mtu hakufa si kujua aliko, na baada ya hapo Livingstone akawa amepotea kweli kweli, kwa maana waliyoitumia watu wa London. Msomaji wa leo huona ajabu kwamba mtu aweza kutoweka miaka mitano huku amezungukwa na watu. Yafaa kukumbuka kwamba Unguja haikuwa na simu ya bahari mpaka mwisho wa mwaka 1879; kwamba msafara kutoka ziwa Tanganyika hadi pwani ulikuwa safari ya miezi, nao ulisimama wakati wa vita na wakati wa mvua; na kwamba barua haikuwa na njia nyingine ila mkononi mwa mfanyabiashara ambaye huenda aliona ni heri isifike.

Habari zenyewe hazikupotea. Zilikuwa zikitembea katika njia zake, na njia hizo zilikuwa zikikutana Ujiji.

Ujiji, mwendo mfupi kusini ya mji wa Kigoma, ulikuwa soko kabla haujawa kituo cha misafara. Watu walioshuka kutoka milima ya Waha, kule ambako leo ipo Kalinzi na vijiji vingine vya barabara ya Manyovu, walileta nafaka, mbuzi na ng'ombe. Uvinza ilileta chumvi iliyochemshwa katika visima vyake. Watu wa ng'ambo ya ziwa walileta mawese, pembe na watumwa. Na wavuvi walileta samaki. Ushanga ulitumika kama fedha. Waswahili na Waarabu walipoingia katika soko hili, Burton na Speke wakawafuata katika Februari, 1858, hawakuanzisha kitu kipya sana. Walijiunga na mahali ambapo kila neno jipya la nchi lilikuwa na mtu wa kulisema na mtu wa kulisikia.

Livingstone alifika hapo tarehe 14 Machi, 1869, akiwa mgonjwa mahututi. Alichukuliwa kwa machela na watu wa mfanyabiashara Muhammad bin Gharib, ambaye alimwuguza njiani. Jambo hili lina uchungu wake, kwa maana mgonjwa alikuwa akiichukia biashara ya yule aliyemwokoa, na aliyemwokoa alijua hivyo. Pale Ujiji alikuwapo Muhammad bin Saleh, ambaye Livingstone alikuwa amekutana naye kwa Kazembe. Kwa hiyo miaka ile ambayo London ilikuwa ikiuliza kama yu hai, katika Ujiji walikuwapo watu waliojua ugonjwa wake, madeni yake na chakula apendacho.

Akiwa hapo aliandika barua nyingi. Moja aliyomwandikia Kirk, ya tarehe 30 Mei, 1869, ilifika. Zilizosalia karibu zote hazikufika, wala hazijaonekana hata leo. Livingstone aliamini kwamba ziliharibiwa makusudi na wafanyabiashara walioogopa yatakayosemwa juu ya watumwa, na yamkini alikuwa na haki. Waandishi wengi wamemfuata katika dhana hiyo bila kuongeza hoja. Lakini ieleweke kwamba hoja yenyewe ni ya namna ile ile ya Musa: shahidi ni mmoja, naye ndiye mwenye shauri. Hakuna aliyekwenda kwa wachukuzi wa barua kuwauliza walipita wapi, kama Young alivyouliza Nyasa. Na waliokuwa na jibu wamekufa zamani.

Katika Julai, 1869, aliondoka Ujiji kwenda Manyema, na huko alikaa zaidi ya miaka miwili. Safari ya Henry Morton Stanley, aliyetumwa na mwenye gazeti la New York Herald, imekwisha andikwa mno, na mwandishi wake wa kwanza alikuwa mtu asiyejinyima sifa. Itoshe kusema kwamba aliingia Unguja tarehe 6 Januari, 1871, akaondoka Bagamoyo mwezi wa Machi, akazuiwa Tabora na vita vya Mirambo, akazunguka kusini kuikwepa njia iliyofungwa, na akafika kwa Waha ambao walimtoza hongo mara mbili kwa uzito ambao hakuusahau maisha yake yote. Aliposikia kwamba mbele kuna wakubwa wengine wanaongoja hongo, alitoroka usiku na watu wake kwa njia za porini. Katika kitabu chake Waha wanaonekana kama wanyang'anyi. Msomaji wa Kigoma aweza kuona jambo jingine: msafara wenye bunduki na nguo tele ulipita katika nchi yenye wenyewe, nao wakataka ushuru, kama mji wowote wa bandari utakavyo.

Kabla ya hongo hizo ilitokea saa ambayo ndani yake upelelezi wa Stanley wote umo. Karibu na mto Malagarasi alikutana na msafara wa Waguha kutoka ng'ambo ya kusini-magharibi ya ziwa. Waliambiwa waeleze habari, nao wakasema kuna Mzungu amefika Ujiji. Stanley akauliza ametoka wapi, amevaaje, ni kijana au mzee, ni mzima au mgonjwa, amewahi kufika Ujiji kabla yake. Wakajibu kwamba ametoka Manyema, ana mvi, ni mgonjwa, na alipata kukaa Ujiji zamani akaondoka. Wale Waguha hawakutaka malipo kwa habari hiyo, wala hawakujua kwamba ina bei. Ilikuwa habari ya njiani tu, kama bei ya chumvi. Kwa maneno hayo Livingstone alikwisha kupatikana. Kilichobaki kilikuwa kutembea.

Majina ya Waguha hao hayakuandikwa.

Siku Stanley alipoingia Ujiji haijulikani kwa yakini. Mwenyewe aliandika tarehe 10 Novemba, 1871. Hesabu ya Livingstone inaiweka siku hiyo mwishoni mwa Oktoba, siku chache baada ya kurejea kwake kutoka Manyema. Wote wawili walikuwa wamepatwa na homa nyingi, na homa hula siku. Zaidi ya hayo, katika daftari la safari la Stanley kurasa zinazohusu kukutana kwenyewe zimechanwa, na kwa sababu hiyo kuna wataalamu wanaotilia shaka hata ile salamu mashuhuri yenye adabu ya kupita kiasi, ambayo haimo katika maandishi ya Livingstone. Wengi wameshughulika na fumbo hili: wanahistoria, wenye kukusanya vitabu vya kale, wapenzi wa safari. Ni shughuli halali. Hata hivyo inashangaza kidogo kwamba katika mji uliokuwa na watu maelfu siku hiyo, bunduki zikilia na bendera ya Marekani ikitangulia, ushahidi unaotafutwa ni ule wa watu wawili tu waliokuwa hawajui tarehe. Aliyemlaki Stanley kwanza hakuwa Livingstone, bali Susi, akimsalimu kwa Kiingereza. Na mpishi Halima alikuwa jikoni akihangaika kwa ajili ya wageni. Hao walikuwa na akili timamu na afya nzuri. Hakuna aliyewauliza ilikuwa siku gani ya mwezi kwa hesabu ya Kiislamu, ambayo mji mzima uliifuata, na ambayo ingalimaliza ubishi huu kwa neno moja.

Kuhusu siku zilizotangulia, elimu mpya imesaidia mahali ambapo macho yalishindwa. Katika mwaka 1871 Livingstone aliishiwa karatasi na wino, akaandika juu ya gazeti la zamani kwa rangi ya matunda, akipitisha mistari yake juu ya mistari iliyopigwa chapa. Maandishi hayo yalififia hata yakawa hayasomeki. Mwaka 2011 wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walichapisha matokeo ya kuyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali, na maneno yakajitokeza tena. Yamo maelezo ya mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai, 1871, ambapo watu mamia waliuawa na watu wa wafanyabiashara, yakiwa mabichi kuliko yale aliyoyasafisha baadaye katika kitabu chake. Na yamewafanya wasomaji wauilize upya mwenendo wa watumishi wake mwenyewe siku ile. Miaka 140 baada ya kuandikwa, karatasi hiyo imeanza kutoa ushahidi ambao mwandishi wake hakukusudia kuutoa.

Sasa turudi Mikindani, tarehe 24 Machi, 1866, msafara uliposhuka. Pamoja na Livingstone walikuwapo askari wa Kihindi 13, watu wa Nzwani 10, vijana 9 waliolelewa katika shule ya Nasik huko Uhindi baada ya kuokolewa katika majahazi ya watumwa, Susi na Amoda wa Shupanga, na Wayao wawili, Chuma na Wikatani. Jumla yao 36. Zaidi ya miaka minne baadaye, tarehe 26 Juni, 1870, alipoondoka katika Manyema kuelekea mto Lualaba, alikuwa na watatu tu: Susi, Chuma na Gardner, mmoja wa wale vijana wa Nasik.

Baadhi ya hao 33 twajua walikoishia. Askari walirudishwa pwani, na kundi la Musa tumekwisha liona. Wikatani alibaki karibu na Mponda akisema amewapata ndugu zake. Amoda na wengine walikataa kwenda mbele kisha wakarejea kazini. Ama wale vijana wa Nasik, wengine walikufa njiani na wengine waliacha safari mahali mbalimbali kati ya Nyasa na Manyema, na wachache wao hutajwa mara moja katika kitabu cha siku, mara nyingi kwa kukemewa, kisha hawatajwi tena. Walikuwa wamekwisha kupotea mara moja walipokamatwa utotoni, wakapelekwa ng'ambo ya bahari, wakapewa majina ya Kiingereza. Wakaja kupotea mara ya pili katika bara walimozaliwa. Hakuna mashua ya chuma iliyopandishwa Shire kwa ajili yao. Jamaa zao, kama walikuwapo, hawakuwa na gazeti wala chama cha jiografia, na majina waliyoitwa na mama zao hayakuandikwa mahali popote ambapo mchunguzi angeweza kuanzia.

Kazi ya namna hiyo si rahisi, lakini Young alionyesha kwamba yawezekana, maana yeye alianza na maneno ya mwongo mmoja akamaliza na ukweli. Sanduku la makaratasi ambalo Livingstone aliliacha Ujiji lilipatikana katika mwaka 1874, Luteni Cameron alipofika huko na kulipokea likiwa salama. Waliolitunza muda wote huo walikuwa watu wa mji ule ule ulioshukiwa kuharibu barua.

Livingstone alikufa kwa Chitambo mwanzoni mwa Mei, 1873, na maiti yake ikafikishwa Bagamoyo katika Februari, 1874. Wengi wa walioichukua walikuwa wale watu 57 ambao Stanley aliwapeleka kutoka pwani mwaka 1872, pamoja na Susi, Chuma na Gardner. Chama cha Kifalme cha Jiografia kiliagiza watengenezewe medali 60. Lakini wachukuzi walikuwa wamelipwa ujira wao na kuachwa waende zao, na baadhi walikuwa wamekwisha kuajiriwa kwa safari ya pili ya Stanley, iliyoondoka Bagamoyo katika Novemba, 1874. Medali zilipofika Unguja mwaka 1875, ilibidi wenyewe watafutwe.